Geuza kaampu kadogo ka zamani kawe ovadraivu ya gita lako

Wasee wa gita, kuna sauti watu wanaitafuta kwa pedali (vile visanduku vya kukanyaga vya kubadilisha sauti) za bei kali na kumbe iko ndani ya ile ampu ndogo ya betri inashika vumbi juu ya kabati. Naongelea zile za kubeba na mkono mmoja, nusu wati, wati moja, mbili hivi, zile za kuchapa nazo usiku kwa nyumba bila kuamsha ploti nzima. Ukizisikiza zenyewe ziko nyembamba, besi hakuna, mtu anadhani ni toy ya mtoto. Lakini shida hapo si ampu, ni spika. Spika ya inchi 3 haiwezi toa besi hata uisukume aje. Chukua hiyo sauti uipeleke kwa ampu kubwa yenye spika ya inchi 10 au 12 na ndio utajua kulikuwa na ovadraivu ya ukweli mle ndani, ile inakwaruza ukichapa kwa nguvu na inarudi safi ukilegeza mkono.

Kabla ya kushika waya yoyote elewa sauti inatoka wapi, juu ukielewa hapo mengine yote yatajipanga. Ampu ya betri ya volti 9 haina nafasi kubwa. Gita ikiingia inakuzwa, wimbi linapanda, likifika pale volti za betri zinaishia haliwezi kupanda tena, kwa hivyo kichwa cha wimbi kinakatwa. Huko kukatwa ndio ovadraivu yenyewe. Nyingi za hizi ampu ndogo ndani ziko na chipu inaitwa LM386, chipu ya miguu 8 ambayo inakuza sauti mara 20 ikiachwa vile ilivyo na mara 200 ukiweka kapasita (kijipande kinachoshika umeme kidogo na kuzuia DC) ya maikrofaradi 10 kati ya mguu wa 1 na wa 8. Ile ampu ya Smokey inayotengenezwa ndani ya pakiti ya sigara ni hiyo hiyo chipu na vitu vichache sana kando. Sasa, chipu hii ndio inasukuma spika, yaani iko mwisho kabisa wa safari, na utamu mwingi uko hapo mwisho. Kwa hivyo kanuni ni moja: sauti itolewe BAADA ya chipu ya mwisho, si kabla. Ukiitoa mapema unapata gita imeongezwa nguvu tu, hiyo hata pedali ya kawaida inafanya.

Kuna ampu zilitengenezewa kuunganishwa na ampu nyingine toka kiwandani. Pignose 7-100, ile ya miaka ya 1970 yenye kitufe kama pua ya nguruwe, ni wati 5, inakula betri 6 za AA na iko na shimo la kuipeleka kwa ampu nyingine. Ukipata hiyo una bahati, chomeka tu waya uende, lakini jua shimo hilo ni la priampu (sehemu ya mwanzo ya kukuza sauti), kwa hivyo ule utamu wa mwisho haumo. Lakini wengi wetu tutakuwa na ile ya jina lisilojulikana, kwa hivyo tuendelee.

Hatua ya kwanza, ikague kabla hujatoa pesa. Gikomba na Toi, masoko ya mitumba ya Nairobi, vitu hivi hutokea mara moja moja kwa rundo la vitu vya ex-UK, kati ya redio na chaja za simu, na muuzaji saa zingine hata hajui ni ya gita, atakuambia ni spika ya kompyuta. Beba betri yako ya volti 9 mpya na waya ya gita kwa mfuko. Fungua pale betri inakaa. Ukiona unga mweupe au kijani kwa vichwa vya chuma, betri ilivuja humo ndani, si mwisho wa dunia, pamba yenye siki kidogo inatoa huo unga wa betri za alkalaini alafu unapangusa na spirit na kuacha ikauke kabisa. Zungusha volyumu pole pole ukisikiza, ikikwaruza ni uchafu ndani ya poti (kile kidhibiti cha kuzungusha), dawa ya kupuliza ya kusafisha kontakti inamaliza hiyo. Kile singependa ununue ni ampu yenye bodi imeungua rangi ya kahawia au kapasita zimevimba kichwa, isipokuwa uko na fundi wako. Kapasita za zamani zikikauka sauti inakosa besi na inakuja na mngurumo, kuzibadilisha ni kazi rahisi na Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya elektroniki Nairobi, zinapatikana zote, mwambie tu muuzaji ni maikro ngapi na volti ngapi, na volti usishuke chini ya ile imeandikwa kwa ile ya zamani.

Hatua ya pili ni ya umeme na hapa naomba unisikize vizuri. Kila kitu naandika hapa ni cha ampu za TRANSISTA au chipu, za betri. Kuna ampu ndogo za zamani za valvu (zile chupa za kioo zinazowaka ndani), za Marekani, zimetengenezewa volti 110 hadi 120, na hapa kwetu soketi inatoa 240. Ukiichomeka moja kwa moja unaichoma. Na hata ukipata transfoma ya kushusha, ndani ya ampu ya valvu kuna volti mia mbili na kitu zinazobaki kwa kapasita hata baada ya kuzima. Mbaya zaidi, baadhi ya zile za bei ya chini za miaka ya 1950 na 60 hazina transfoma ya kutenganisha umeme wa ukuta na gita, yaani chasi imeunganishwa na laini yenyewe, na nyuzi za gita unazishika na mikono mitupu. Hiyo iache kwa fundi anayejua kazi, aiwekee transfoma ya kutenganisha kwanza. Sauti yoyote ile haifai kuua mtu.

Kwa za betri kuna hatari ndogo tu, nayo ni adapta. Pedali nyingi za kisasa zinatumia adapta ya volti 9 yenye hasi katikati, lakini ampu za zamani kila mtu alifanya yake. Angalia kale kamchoro karibu na shimo la adapta. Kama kamefutika tumia betri, ata bila hiyo sababu mimi bado ningetumia betri na nitaeleza mbele.

Hatua ya tatu, jua ampu yako inasukuma spika kwa njia gani. Wengi wanaruka hapa na ndio hapa vitu vinaungua. Kuna ampu ambazo waya mmoja wa spika umeenda erthi na mwingine ndio unabeba sauti, LM386 kwa kawaida iko hivyo. Alafu kuna zingine, hasa zenye chipu za miaka ya karibuni, ambazo waya zote mbili za spika zinabeba sauti na hakuna hata mmoja ulioko erthi, mafundi wanaziita bridge. Ukichukua waya mmoja wa bridge ukaubandika kwa erthi ya ampu kubwa, chipu inakufa.

Kujua ni rahisi. Toa betri. Weka multimita (kipima umeme) kwa ile sehemu inapiga kengele. Ncha nyeusi iguse chuma cha nje cha shimo la gita, hiyo ndio erthi. Ncha nyekundu iguse waya mmoja wa spika, kisha mwingine. Utasikia makelele kidogo kutoka kwa spika yenyewe ukigusa, usijali. Sasa, spika ya omu 8 ni kama waya tu, kwa hivyo kengele inaweza kulia pande zote mbili na ukachanganyikiwa, ndio maana inabidi ufungue waya mmoja wa spika kwanza kisha upime upya. Waya mmoja ukionyesha sufuri na mwingine haulii, wewe uko sawa, ule wa sufuri ndio erthi. Zote zikikataa kulia, rudisha waya wa spika mahali pake, weka betri, washa ampu bila gita, weka multimita kwa volti za DC na upime kila waya wa spika dhidi ya erthi. Ukiona karibu volti 4.5 pande zote mbili, hiyo ni bridge, waya za spika usiziguse tena. Tumia shimo la hedifoni.

Njia ya hedifoni ndio hatua ya nne na kwa wengi itatosha. Ampu nyingi hedifoni inatolewa kwa chipu ile ile ya mwisho, ikipitia resista (kijipande kinachozuia umeme kiasi), kwa hivyo utamu wetu bado uko. Lakini kuna mtego. Shimo la hedifoni ni la stirio, liko na sehemu tatu, ncha, pete na erthi, na ukichomeka jeki ya gita ya mono ile pete inagusana na erthi. Kwa ampu ambayo imeunganisha ncha na pete pamoja, na nyingi ziko hivyo juu gita ni mono na walitaka masikio yote mawili yasikie, umeshatia shoti kwa sauti yote. Utasikia kimya ama sauti ndogo yenye kujikaza na chipu inaanza kupata joto. Kwa hivyo tengeneza waya yako: upande wa ampu ndogo jeki ya STIRIO, ncha na erthi tu ndio uunganishe, pete iache wazi haina waya. Upande wa ampu kubwa jeki ya mono ya kawaida. Fundi yeyote wa Luthuli anakufanyia ukisimama hapo hapo, lakini mwambie wazi pete ibaki tupu, juu kwa mazoea ataunganisha zote.

Ampu nyingi zinazima spika ukichomeka hedifoni, na hiyo ni poa kwa mtu anaishi ploti. Anza na volyumu ya ampu kubwa ikiwa SUFURI. Sauti ya hedifoni iko na nguvu kuliko gita, ampu kubwa itashtuka.

Ukitaka kufanya vizuri zaidi, ama ampu yako haina shimo la hedifoni, na si bridge, hatua ya tano ni kutengeneza kisanduku cha kushusha sauti. Vitu ni vichache sana: resista moja ya kilo-omu 10, poti moja ya kilo-omu 10, kapasita moja ya maikro 1 isiyo na chanya na hasi, shimo moja la jeki na kisanduku cha chuma, hata kile cha peremende kinafaa. Chuma ni muhimu, plastiki inaingiza mngurumo. Waya wa sauti kutoka kwa spika uingie kwa kapasita, kutoka kwa kapasita uende kwa resista, kutoka kwa resista uende kwa mguu wa pembeni wa poti. Mguu ule mwingine wa pembeni uende erthi pamoja na waya wa erthi wa spika na kisanduku chenyewe. Mguu wa katikati ndio unatoka kwenda kwa shimo la jeki. Basi.

Hesabu yake iko hivi. Ampu ya nusu wati kwa spika ya omu 8 inatoa kama volti 2. Resista na poti zikiwa sawa zinagawanya hiyo nusu kwa nusu, kwa hivyo poti ikifunguliwa yote unapata volti 1 hivi, hiyo inatosha shimo la return la ampu kubwa (lile la nyuma linaloruka priampu). Ukienda shimo la mbele la gita rudisha poti chini, robo ama chini ya robo. Kapasita iko hapo kuzuia DC isipite endapo kuna kitu kinavuja, na kwa kilo-omu 20 kwa jumla inakata chini ya hertz 8 tu, besi yako haiguswi.

Spika ya ampu ndogo je, uiache ama uitoe? Mimi ningeiacha. Iache ilie, chukua sauti kando yake, kisanduku kinavuta kidogo sana hadi ampu haitajua kuna kitu kimeongezwa. Na ampu za transista za zamani zenye transfoma ya kutoa sauti hazipendi kukaa bila mzigo, spika ikiwepo hauna wasiwasi. Kama lazima inyamaze, weka badala yake resista ya omu 8, zile nyeupe za simenti, wati 5 kwa ampu ya wati moja na wati 10 kwa Pignose na ndugu zake. Itapata moto, isiguse plastiki.

Sasa kuchapa. Ampu kubwa weka channel safi, geini chini, iwe haina ovadraivu yake kabisa, kazi yake hapa ni kuwa na spika kubwa tu. Kama nyuma iko na shimo la effects return pitia huko, unaruka priampu yake na sauti inakuja wazi zaidi. Ampu ndogo nayo fungua volyumu mpaka robo tatu, alafu chapa E kwa nyuzi zote 6 na usikize, si mwanzo wa sauti, sikiza MKIA. Ikiwa sawa, mwanzo unakwaruza na sauti ikizimika inarudi safi bila kukatika ghafla. Ikiwa mkia unakatika katika kama redio iliyopoteza stesheni, umezidisha, rudisha kidogo. Kisha shusha volyumu ya gita yenyewe mpaka 6 ama 7. Hapo ndio mahali pa kukaa muda mrefu, juu ukiwa na 7 unachapa ridhimu safi yenye kakitu ka ukali, ukipanda 10 uko na solo, na hujagusa pedali hata moja. Kwa mtu wa kuchapa benga, ambaye gita inafaa ikae wazi na ya kung'aa, hii inakupa kaukali kidogo kwa zile nyuzi nyembamba bila kufunika sauti.

Gita yenye hambaka (pikapu ya koili mbili, ile inayonasa sauti ya nyuzi) itavunja mapema, geini ya ampu ndogo ishushe. Ya koili moja kama Stratocaster inahitaji kusukumwa. Na besi ya ampu kubwa usikimbilie kuipandisha, spika kubwa imeshaileta yenyewe, ukizidisha sauti inakuwa tope.

Wengi hapa Nairobi hatuchapi kwa ampu ya gita, tunachapa kanisani, na huko kila kitu kinaingia kwa miksa. Hapo ovadraivu yoyote inakwaruza masikio vibaya sana na watu wanalaumu gita. Sababu ni kwamba spika ya gita huanza kukata sauti za juu kutoka kama kilohertz 5, ndio maana ovadraivu inasikika tamu kupitia kwake, lakini spika za kanisa ziko na twita inayotoa kila kitu mpaka juu kabisa pamoja na ule uchafu wa wimbi lililokatwa. Dawa ni kapasita moja ndogo ndani ya kisanduku chako, kutoka kwa ule mguu wa poti unaopokea resista kwenda erthi. Ya nanofaradi 4.7 inaanza kukata karibu kilohertz 6.8, ya nano 10 karibu 3.2. Anza na 4.7, kama bado inachoma ongeza. Weka na swichi ndogo uwe unaitoa ukichapa kwa ampu ya gita. Kama miksa iko mbali na jukwaa tumia kisanduku cha DI (kinachobadilisha sauti iweze kusafiri mbali hadi kwa miksa), waya ya gita ikizidi mita 5 ama 6 inaanza kuvuta mngurumo, na kama DI yako haitumii umeme wa miksa mwambie mtu wa miksa azime volti 48 (umeme ambao miksa hutuma kwa maiki) kwa hiyo channel. Mwambie pia ashushe trebo kabla hujachapa noti ya kwanza, baadaye hatakusikia.

Mngurumo ukitokea, kitu cha kwanza toa adapta uweke betri. Ampu mbili zikiwa zote kwa umeme wa ukuta na zimeunganishwa kwa waya ya gita, erthi zinazunguka zikitafutana na huo mzunguko unaleta ule mlio mzito wa hertz 50 na ndugu zake. Betri inaukata papo hapo. Kile hufai kufanya KABISA ni kuvunja ama kuchomoa waya wa erthi kwa plagi ya pini tatu ya ampu kubwa, najua kuna mafundi wanashauri hivyo, wamekosea, hiyo pini ndio imesimama kati yako na stima.

Na hiyo betri yenyewe ina raha yake. Zile za bei ya chini za zinki na kaboni zinachoka haraka, na zikichoka haziwezi kutoa umeme mwingi kwa ghafla, kwa hivyo ukichapa kwa nguvu volti zinalegea kidogo alafu zinarudi. Unasikia nyuzi kama zinabonyea chini ya mkono. Kuna watu wanaweka kando betri zao zilizochoka kwa ajili ya kurekodi, na nawaelewa kabisa. Kwa shoo lakini weka alkalaini mpya na ubebe nyingine mfukoni.

Kama una pedali, wawa (ile ya kukanyaga sauti isikike kama inasema "wa") na ya kusukuma sauti zikae kabla ya ampu ndogo, zinabadilisha vile inavunjika na hapo kuna mengi ya kujaribu, hasa pedali ya kusukuma ikiwa na trebo imepanda kidogo na besi imeshuka. Dilei na rivabu (zinazorudia sauti na kuipa mwangwi) zikae baada ya kisanduku, zikitangulia mwangwi wote unakatwa pamoja na gita na unapata fujo. Poti ya kisanduku iweke chini kwanza unapoziunganisha, dilei nyingi za pedali zinatarajia sauti ya kiwango cha gita na zikipewa volti nzima zitaanza kukwaruza zenyewe, na hiyo si ile kukwaruza tunatafuta.